Swing na Mdororo Mkuu wa Uchumi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanahusu jazz ya bendi kubwa iliyotawala redio na kumbi za dansi za Marekani tangu mwaka 1935 hadi vita vya pili vya dunia vilipokuwa vinaisha, na uhusiano wake na uchumi ulioporomoka kuanzia Oktoba 1929. Wanaotaka kucheza au kupiga muziki huu waruke moja kwa moja hadi maswali ya mwishomwisho.

Swing ni nini hasa?

Ni jazz ya kuchezewa dansi, inayopigwa na bendi ya watu kama 12 hadi 16. Muziki mwingi umeandikwa kwenye karatasi, lakini nafasi huachwa ili mpigaji mmoja mmoja asimame na kutoa solo lake. Kila kipimo kina mapigo manne yenye uzito unaokaribiana, na besi hutembea noti moja kwa kila pigo. Jazz ya miaka ya 1920 aghalabu ilisimama kwenye mapigo mawili, tuba ikivuma chini na banjo ikichapa juu. Tuba ilipoiachia nafasi besi ya nyuzi, na banjo ikaiachia gitaa, mdundo ukalainika na wachezaji wakapata mwendo usiokatika.

Je, dhiki ndiyo iliyozaa swing?

Hapana, ingawa husemwa hivyo mara nyingi. Muziki wenyewe ulikuwa tayari kabla ya dhiki kufika kilele. Kiongozi wa bendi Fletcher Henderson na mpangaji wake wa muziki (anayeandika kila chombo kipige nini), Don Redman, walikuwa wakigawa bendi katika vikosi vinavyojibizana tangu katikati ya miaka ya 1920 pale Roseland Ballroom, New York. Louis Armstrong alikaa na bendi hiyo kwa muda, kuanzia mwaka 1924 hadi 1925, na akawafundisha wenzake namna ya kuachia noti ichelewe kidogo bila kupoteza pigo. Desemba 1932, bendi ya Bennie Moten kutoka Kansas City, iliyokuwa imekwama safarini bila fedha, ilirekodi kule Camden, New Jersey, muziki ambao ni swing kamili. Hiyo ni karibu miaka mitatu kabla ya magazeti kuanza kuita kipindi hicho enzi ya swing.

Kilichofanywa na mdororo ni kubadilisha nani anamlipa mwanamuziki na kwa njia gani. Mfumo wa zamani, yaani santuri za bei kubwa, orkestra za majumba ya sinema na vilabu vya matajiri, ulivunjika. Mfumo mpya uliochukua nafasi yake uliipendelea bendi kubwa yenye mdundo wa dansi. Anayetaka kuelewa kwa nini swing ilipaa mwaka 1935 na si 1930 afuatilie hela kabla ya kufuatilia noti.

Mambo yalikuwa mabaya kiasi gani kwa wanamuziki?

Mabaya sana. Mwaka 1927 Marekani iliuza santuri takriban milioni 104. Mwaka 1932 ziliuzwa kama milioni 6 tu. Mwaka 1933 mfanyakazi mmoja kati ya wanne hakuwa na kazi. Juu ya hayo, filamu zenye sauti zilikuwa zimeshawatoa kazini maelfu ya wapigaji waliokuwa wakisindikiza filamu bubu. Pigo hili huwa linasahaulika, kwa sababu lilianza kabla ya soko la hisa kuanguka na halikurekebishika uchumi ulipopata nafuu.

Kama watu hawakuwa na hela, nani aliigharimia bendi ya watu kumi na wanne?

Kwanza, mtangaza biashara. Msikilizaji wa redio Marekani hakulipa ada yoyote. Gharama zilibebwa na kampuni za sigara, biskuti na sabuni. Ukishanunua kisanduku chenyewe, muziki ni wa bure. Ndiyo maana wakati santuri zinaporomoka, redio ilizidi kuenea: mwaka 1930 karibu asilimia 40 ya kaya zilikuwa nayo, na kufikia 1940 ni zaidi ya asilimia 80. Mitandao ya taifa, NBC na CBS, ilikuwa na saa nyingi za usiku za kujaza, na njia rahisi ilikuwa kupeleka waya na kipaza sauti hotelini au kwenye ukumbi wa dansi na kurusha bendi moja kwa moja. Hoteli ilipata sifa, na bendi ikapata jina kwa watu waliokuwa tayari kulipa kiingilio siku itakapopita mjini kwao.

Pili, baa. Marufuku ya pombe iliyoanza mwaka 1920 ilifutwa tarehe 5 Desemba 1933. Maelfu ya baa zilifunguliwa kihalali, nyingi zikiwa ndogo mno kuajiri hata mpiga piano mmoja. Zikaweka jukiboksi: unatumbukiza senti tano, unapata wimbo mmoja. Mashine hizo zilikula santuri kwa wingi, na ndizo zilizolifufua soko.

Tatu, bei. Decca ya Marekani ilianzishwa mwaka 1934 na kuuza santuri kwa senti 35, wakati santuri ya kawaida ya kampuni kubwa iliuzwa senti 75. RCA Victor nayo ilikuwa na lebo yake ya bei nafuu, Bluebird. Kijana asiye na kazi ya maana aliweza kumudu moja kwa mwezi.

Nne, kiingilio cha dansi. Kwa senti chache mtu alipata saa kadhaa za muziki na jasho. Hakukuwa na starehe ya nje ya nyumba iliyokuwa rahisi kuliko hiyo, labda sinema tu.

Kwa nini Kansas City hutajwa sana?

Kwa sababu ya siasa chafu, kusema kweli. Mji huo uliendeshwa na Tom Pendergast, ambaye hakuwa na muda wa sheria za pombe wala za kamari. Vilabu vilikesha wakati miji mingine ilikuwa imelala njaa, na wanamuziki kutoka Texas, Oklahoma na kwingineko wakahamia huko. Bendi zilikuwa nyingi, muda wa kupiga ulikuwa mrefu, na karatasi za muziki zilikuwa chache. Hapo ndipo ulipokolea mtindo wa kutunga papo hapo: kikosi kimoja kinaanzisha kipande kifupi, wengine wanakidaka na kukirudiarudia nyuma ya solo.

Moten alipofariki mwaka 1935, mpiga piano wake, Count Basie, alikusanya baadhi ya wanabendi katika Reno Club. Kituo kidogo cha redio, W9XBY, kilirusha bendi hiyo usiku. Mwaka 1936 John Hammond, mtafuta vipaji, aliisikia kwenye redio ya gari lake akiwa Chicago, akaenda kuwafuata. Pendergast mwenyewe alifungwa mwaka 1939 kwa kukwepa kodi, na uhondo wa vilabu ukapoa.

Usiku wa Palomar unaosimuliwa kila mahali ulikuwaje?

Kuanzia tarehe 1 Desemba 1934, Benny Goodman alikuwa na bendi mojawapo kati ya tatu kwenye kipindi cha Jumamosi usiku cha NBC kilichodhaminiwa na kampuni ya biskuti. Kipindi kilikuwa na bajeti ya kununua mipangilio mipya, na Goodman alinunua mingi kutoka kwa Henderson, ambaye wakati huo bendi yake mwenyewe ilikuwa imesambaratika kwa ukata. Wafanyakazi wa kampuni ile waligoma, na Mei 1935 kipindi kikafa.

Bendi ikaingia barabarani kuelekea magharibi. Denver waliipokea vibaya: watu walitaka muziki laini wa kukumbatiana. Lakini tarehe 21 Agosti 1935, kwenye Palomar Ballroom, Los Angeles, vijana walijazana mbele ya jukwaa na kushangilia. Sababu inayotolewa zaidi ni ya saa. Los Angeles iko nyuma ya New York kwa saa tatu, kwa hiyo muziki moto uliopigwa New York saa sita na nusu usiku, wengi wakiwa wamelala, huku ulisikika saa tatu na nusu, vijana wakiwa bado macho. Bendi ilifika kwa watu walioijua tayari.

Kwa hiyo Goodman ndiye mwanzilishi?

La. Alikuwa mpiga klarineti hodari na kiongozi mkali, lakini kitabu chake cha muziki kilijaa kazi ya Henderson. Viongozi wengine wa bendi walikuwepo kabla yake: Duke Ellington alikuwa kwenye klabu ya Cotton Club tangu Desemba 1927, na Chick Webb alitawala ukumbi wa dansi wa Savoy Ballroom, Harlem, mtaa wa weusi wa New York. Tarehe 11 Mei 1937 Goodman alikwenda Savoy kupambana na Webb, watu wakajaa ndani na maelfu wakabaki nje. Webb alishinda, na hata mpiga dramu wa Goodman, Gene Krupa, alikiri hivyo.

Wanamuziki weusi walifaidika na umaarufu huo?

Kwa sehemu, na kwa mapunjo makubwa. Udhamini wa redio ya taifa na mikataba mirefu ya hoteli kubwa ilikwenda kwa bendi za weupe. Katika miji mingi hata chama cha wanamuziki kilikuwa na matawi mawili, la weupe na la weusi. Bendi za weusi ziliishi kwa maonyesho ya usiku mmoja mmoja: leo mji huu, kesho kilomita 400 mbele, na katika majimbo ya kusini hakuna hoteli ya kuwapokea wala mgahawa wa kuwauzia chakula. Ellington na Cab Calloway walikodi mabehewa yao ya treni ya kulala, na hiyo haikuwa anasa bali njia ya kukwepa udhalilishaji huo.

Mikataba nayo ilikuwa ya kunyonya. Basie aliiwekea Decca saini ya kurekodi nyimbo 24 kwa dola 750 bila mrahaba, hivyo santuri zilizouzwa sana hazikumwongezea kitu.

Milango michache ilifunguka. Savoy ilipokea weusi na weupe kwenye sakafu moja. Mwaka 1936 Goodman, aliyekuwa mweupe, alimpandisha mpiga piano mweusi, Teddy Wilson, jukwaani hadharani, Chicago, kisha akamchukua Lionel Hampton, mweusi pia. Mwaka 1938 Basie alipata Famous Door, klabu finyu ya Mtaa wa 52, New York. Joto la Julai lingewaua watu ndani, kwa hiyo wakala wa bendi alimkopesha mwenye klabu dola 2,500 za kufunga mitambo ya ubaridi kwa masharti kwamba Basie apewe kazi. CBS ilirusha muziki kutoka hapo, na ndipo nchi nzima ilipomjua.

Bendi zote zilikuwa za bosi mmoja?

Si zote, na hapa dhiki ilileta majaribio ya kuvutia. Casa Loma Orchestra ilisajiliwa kama kampuni ambayo wanabendi wenyewe ni wanahisa. Blue Devils wa Oklahoma City waligawana mapato na kupigia kura maamuzi. Ya kwanza ilistawi. Ya pili ilivunjika mwaka 1933 baada ya kukwama West Virginia bila nauli, kwani wapigaji wake wazuri walikuwa wameshavutwa na Moten, aliyekuwa na uwezo wa kuwalipa. Ushirika usio na akiba hauhimili mwezi mmoja wa maonyesho yaliyofutwa.

Bendi inaundwa na nani na nani?

Bendi ya Goodman ya 1935 ni kipimo kizuri: tarumbeta 3, tromboni 2, saksafoni 4 (mbili za alto, yenye sauti ya juu, na mbili za tenori, yenye sauti ya chini zaidi), piano, gitaa, besi, dramu, na kiongozi na klarineti yake. Jumla 14. Baadaye tarumbeta ziliongezeka hadi 4, tromboni 3, saksafoni 5 baada ya kuingizwa baritoni, yenye sauti nzito zaidi.

Saksafoni huandikiwa sauti zilizobanana, na alto ya kwanza ndiyo inayoongoza: wengine humfuata pumzi kwa pumzi. Tarumbeta na tromboni hujibu. Mpangaji hodari hatumii vikosi vyote kwa wakati mmoja mpaka duru ya mwisho, yaani wimbo unapozungushwa mara ya mwisho.

Kwa nini nyimbo nyingi ni za dakika tatu?

Kwa sababu santuri ya inchi 10 haikuchukua zaidi ya hapo kwa upande mmoja. Fanya hesabu: duru moja ya vipimo 32 ina mapigo 128. Kwa mwendo wa mapigo 160 kwa dakika, hiyo ni sekunde 48. Duru tatu ni dakika 2 na sekunde 24. Ongeza utangulizi wa vipimo vinane, ambao ni sekunde 12, na kimalizio kifupi, nafasi imekwisha. Ndiyo maana solo kwenye santuri ni vipimo vinane au 16 tu. Ukumbini wimbo huohuo uliweza kwenda dakika kumi.

Bendi yetu inapiga noti zote sawasawa, lakini watu hawainuki. Kasoro iko wapi?

Karibu kila mara kasoro iko kwenye kikosi cha mdundo, au katika namna noti fupi zinavyogawanywa. Angalieni kwa utaratibu huu:

1. Noti mbili ndani ya pigo moja hazilingani. Kwa mwendo wa wastani ya kwanza huchukua kama theluthi mbili za pigo. Mwendo ukizidi mapigo 200 kwa dakika, zinakaribia kulingana. Wanaoanza hukosea kwa kuigawa kwa ukali mno, muziki ukawa unarukaruka.
2. Teke la dramu lisikike kwa kifua tu, lisifunike besi. Jo Jones wa bendi ya Basie alihamishia mwendo kwenye matoazi ya mguu, na ndiyo siri ya wepesi wa bendi ile.
3. Gitaa lisiunganishwe na spika. Freddie Green, aliyejiunga na Basie mwaka 1937, alipiga gitaa kavu, mapigo manne kwa kipimo, akilegeza vidole vya mkono wa kushoto mara tu baada ya kila pigo ili sauti isining'inie. Gitaa likisikika peke yake kama chombo tofauti, limezidi.
4. Piano ipunguze. Mkono wa kushoto ukikanyaga kila pigo juu ya besi na gitaa, chini kunakuwa na tope.
5. Fanyeni mazoezi bila dramu kabisa kwa wimbo mmoja mzima. Kama mwendo unadhoofika, mlikuwa mnamwegemea mpiga dramu badala ya kuhesabu wenyewe.

Mwendo wa kuanzia uwe mapigo 120 hadi 140. Bendi changa hupenda kukimbia, na wachezaji huketi.

Lindy Hop inachezwaje kwa anayeanza?

Dansi hii ilikua Harlem mwishoni mwa miaka ya 1920 na ikapevuka Savoy. Hatua ya msingi ina hesabu nane. Kwa anayeongoza: 1, rudisha mguu wa kushoto nyuma, 2, rudisha uzito mguu wa kulia, 3 na 4, hatua tatu za haraka kuanzia kushoto, 5 na 6, hatua mbili za kawaida, kulia kisha kushoto, 7 na 8, hatua tatu za haraka kuanzia kulia. Magoti yawe laini, kiwiliwili kiiname kidogo mbele, na mvutano kati yenu upite mkononi bila kukaza bega.

Hesabu nane ni vipimo viwili kamili, kwa hiyo hatua hii inakaa vizuri na muziki. Zipo hatua za hesabu sita pia. Hizo huanza kupishana na kipimo, jambo ambalo si kosa lakini humchanganya anayeanza. Kurushana juu, kulikoanza miaka ya katikati ya 1930 na kundi la kina Frankie Manning, kulikuwa kwa mashindano na maonyesho. Usijaribu kwenye sakafu iliyojaa watu.

Morogoro Jazz, Western Jazz na nyinginezo zilikuwa bendi za swing?

Kwa jina tu. Dar es Salaam Jazz Band ni ya miaka ya 1930 na Morogoro Jazz ni ya mwaka 1944, wakati ambapo kujiita jazz kulimaanisha bendi ya kisasa ya dansi yenye ala za kigeni. Ukisikiliza rekodi za dansi la Tanzania za miaka ya 1960 utakuta rumba ya Kuba iliyopitia kwenye santuri na Kongo, gitaa likiongoza. Mdundo si ule wa mapigo manne ya besi inayotembea.

Enzi hiyo iliishaje?

Kwa mfululizo wa vikwazo, na vingi havikuwa vya kimuziki. Vita viliwachukua wapigaji jeshini, na mgao wa petroli na matairi ukaua safari za basi. Tarehe 1 Agosti 1942 chama cha wanamuziki kiligomea kurekodi kikidai malipo kwa santuri zinazopigwa redioni na kwenye jukiboksi. Decca ilikubali mwaka 1943, kampuni za Victor na Columbia hazikukubali mpaka Novemba 1944. Waimbaji, ambao hawakubanwa na mgomo, wakarekodi wakisindikizwa na kwaya na kuchukua jukwaa. Mwaka 1944 kodi nzito iliwekwa kwa kumbi zenye dansi, na wenye vilabu wakaona afadhali vikundi vidogo vya kusikilizwa watu wakiwa wameketi. Mwishoni mwa 1946 bendi kadhaa kubwa, ya Goodman ikiwemo, zilivunjwa ndani ya wiki chache. Mishahara ilikuwa imepanda, kiingilio hakikupanda kiasi hicho.

Nianze kusikiliza nini?

Tafuta kwanza rekodi yoyote ya Bennie Moten ya katikati ya miaka ya 1920, kisha zile za Desemba 1932. Sikiliza chini tu: kwanza tuba, halafu besi ya nyuzi ya Walter Page. Baada ya hapo chukua "King Porter Stomp" ya Goodman ya 1935, iliyopangwa na Henderson, ufuatilie vikosi vinavyojibizana katika duru za mwisho. Kisha "One O'Clock Jump" ya Basie ya 1937, ambamo solo hufuatana na vipande vifupi vinarundikana mwishoni. Mara ya kwanza piga makofi kwenye pigo la pili na la nne. Mara ya pili acha makofi, fuata besi peke yake mpaka mwisho.